Maji Maangavu, Samaki Wafu: Uchunguzi wa Kasoro za Maji katika Tangi la Samaki

Samaki wafao ndani ya tangi la kioo aghalabu hufa katika maji yanayong'aa. Mwenye tangi hutazama akaona changarawe zilizo chini, majani ya mimea, na hata magamba ya samaki mmoja mmoja. Kwa macho yake maji hayo hayana ila. Asubuhi ya pili huwakuta samaki wawili wakielea ubavu, na siku ya tatu wote. Hapo husemwa kwamba samaki walikuwa wagonjwa, au kwamba hawakuzoea mahali. Ukweli ni kuwa mara nyingi samaki hao hawakuwa na ugonjwa wo wote. Wamekufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe, au kwa kukosa oksijeni, au kwa kitu kilichotiwa majini na mkono wenye nia njema.

Kwa mwalimu na mwanafunzi wa Songambele, na kote katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, jambo hili si la anasa. Shule yenye sanduku la kioo, ndoo mbili na samaki watano ina maabara ya biolojia, ya kemia na ya fizikia mahali pamoja. Hali kadhalika, anayekusudia kuchimba bwawa la sato bondeni hujifunza katika tangi, kwa hasara ya samaki watano, yale ambayo bwawani yangemgharimu samaki elfu. Na mito ya nchi hii humiminika katika Kagera, na Kagera katika Ziwa Viktoria, ambako makosa yale yale yamekwisha kutendeka kwa kipimo kikubwa kupita kiasi.

MIZANI YA WARINGTON

Ufugaji wa samaki katika vyombo ni wa kale, lakini uchunguzi wa kisayansi wa jambo hili huanzia kwa Robert Warington, mkemia wa London. Mnamo 1849 aliweka samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo chenye maji, mchanga na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Alijua kuwa samaki huvuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, na kwamba mmea ukipata mwanga hufanya kinyume chake. Alitaraji basi kuwa viumbe hivyo vitalishana bila ya maji kubadilishwa.

Mambo hayakwenda hivyo mara moja. Majani makongwe ya mmea yalioza, maji yakapata utando na kuchafuka. Warington akaongeza konokono wa majini, nao wakala uozo huo. Maji yakatakata tena. Mwaka 1850 alitoa taarifa ya kazi hiyo mbele ya Chama cha Kemia cha London. Funzo lake ni hili: tangi la samaki ni mizani ya viumbe vingi, na kila anayetaka kujua kasoro ya maji yake lazima aulize ni upande upi wa mizani uliozidiwa.

Hata hivyo, jambo moja la Warington lisiigwe Kagera bila hadhari. Baadhi ya konokono wa mito na mabwawa ya Afrika Mashariki hubeba vimelea vya kichocho. Konokono na mimea iliyookotwa mtoni isishikwe kwa mikono mitupu, wala maji ya mtoni yasimiminwe darasani kama yalivyo.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Kundi moja la viumbe lilikuwamo chomboni mwa Warington pasipo yeye kulijua. Ni bakteria.

Samaki hula protini, na protini ina naitrojeni. Sehemu ya naitrojeni hiyo hujenga mwili. Iliyobaki hutolewa, hasa kupitia mashavuni, kwa umbo la amonia. Mamalia wa nchi kavu hawezi kuvumilia amonia mwilini, kwa hiyo huigeuza kuwa yurea kwanza. Samaki hahitaji taabu hiyo madhali amezungukwa na maji ya kuichukua. Lakini maji ya ziwa ni mengi na ya tangi ni machache. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 35 huweza kuleta kiasi cha miligramu 30 za naitrojeni ya amonia. Katika tangi la lita 60, hiyo ni nusu miligramu kwa lita kila siku. Haba na haba hujaza kibaba: wiki moja ikipita bila ya cho chote kuiondoa, amonia hupindukia miligramu 3 kwa lita, na maji bado ni maangavu.

Kinachoiondoa ni bakteria wa aina mbili wanaofanya kazi kwa zamu. Wa kwanza huiunguza amonia kwa oksijeni na kuifanya naitraiti. Wa pili huichukua naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo madhara yake ni madogo sana na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Mwanabiolojia Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria hawa kwenye miaka ya 1890. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kuwa kazi ya pili hufanywa na Nitrobacter; mwaka 1998 ilidhihirika kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka 2015 wakagunduliwa Nitrospira wawezao kufanya kazi zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa hawaelei sana majini. Hujishika juu ya changarawe, kioo, mimea na sifongo la chujio. Nao huzaana polepole. Tangi jipya huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kabla ya kundi lao kutosha kazi, na zaidi ya hapo mahali penye baridi kama nyanda za Karagwe, ambako maji ya usiku hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Katika muda huo amonia hupanda kwanza kisha hushuka. Halafu naitraiti hupanda na kushuka. Mwishowe naitreti peke yake ndiyo huongezeka. Samaki wengi wa matangi mapya hufa katika kupanda kwa kwanza au kwa pili.

Kutokana na haya zinapatikana kanuni mbili. Kwanza, tangi jipya lianze na samaki wachache wapewao chakula kidogo. Pili, changarawe na sifongo visioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya klorini. Afanyaye usafi wa namna hiyo huwafukuza wafanyakazi wote siku moja, na wiki inayofuata hushangaa kuona samaki wanakufa katika tangi lililo safi kuliko lilivyopata kuwa.

HEWA YA NYANDA ZA JUU

Oksijeni ya majini ni chache daima. Maji ya nyuzi 25 yaliyo usawa wa bahari, hata yakishiba hewa, hayawezi kushika zaidi ya kiasi cha miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Joto likipanda hadi nyuzi 30, kiasi hicho hupungua kuwa miligramu 7.6.

Kimo nacho kina athari. Kadiri mtu apandavyo kutoka pwani, kanieneo ya hewa hupungua, na oksijeni iyeyukayo majini hupungua kwa uwiano huo huo. Kwenye kimo cha mita 1,500, ambacho ni cha kawaida katika vilima vya Karagwe, kanieneo ni kiasi cha asilimia 83 tu ya ile ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 huko hushiba kwenye miligramu 6.9 hivi. Ubaridi wa nyanda za juu hurudisha sehemu ya hasara hiyo, kwani maji ya nyuzi 20 kwenye kimo hicho hushika kiasi cha miligramu 7.6. Tangi likiwekwa dirishani likapigwa na jua la mchana, faida hiyo hupotea.

Mchana mimea na mwani huzalisha oksijeni. Usiku havizalishi, bali huitumia pamoja na samaki na bakteria. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni ya alfajiri. Mwalimu anayetazama tangi saa nne asubuhi tu huenda asione dalili, ilhali samaki walikuwa wakitweta saa kumi na moja.

Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji. Kwa sababu hiyo chombo kipana na kifupi ni bora kuliko chembamba na kirefu chenye ujazo ule ule. Mahali pasipo umeme wa kuendesha pampu ya hewa, chupa yenye tundu dogo ikitundikwa juu ya tangi ili maji yadondoke usiku kucha husaidia kuutikisa uso huo. Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kupunguza samaki na chakula. Chakula kisicholiwa huoza, na uozo hula oksijeni kuliko samaki wenyewe.

MAJI YATOKAKO

Songambele na jirani zake hupata maji kwa njia nyingi, na kila maji yana tabia yake.

Maji ya mvua yanayokingwa kutoka mabati ni mepesi mno. Hayana karibu cho chote kilichoyeyuka ndani yake, hasa baikabonati, ambayo ndiyo kinga ya maji dhidi ya asidi. Aidha mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na madini ya zinki kutoka kwenye bati. Maji ya mwanzo yamwagwe. Zinki na shaba huwadhuru samaki zaidi katika maji mepesi kuliko katika maji magumu.

Maji ya chemchemi na visima hufuata miamba yapitamo. Miamba ya eneo hili ni ya mfumo ambao wanajiolojia wameuita kwa jina la Karagwe na Ankole, na ambao ndani yake mna bati la Kyerwa. Ni miamba ya matope yaliyogeuka mawe, skisti na kwatsi. Si nchi ya mawe ya chokaa. Maji yatokayo katika miamba ya namna hii kwa kawaida huwa mepesi. Maji ya kisima kirefu, zaidi ya hayo, yaweza kuwa na oksijeni chache na chuma kilichoyeyuka ambacho hugeuka kutu kikikutana na hewa. Yaachwe katika ndoo pana siku nzima na kukorogwa kabla ya kutumiwa.

Maji ya bomba, na maji yaliyotiwa dawa ya kunywa, yana klorini. Klorini huunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Yakiachwa wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hutoka.

Chombo cha kuchotea nacho kichunguzwe. Ndoo iliyowahi kubeba mrututu au dawa ya wadudu wa kahawa haifai kwa tangi, hata ioshwe mara ngapi. Dawa za mbu za kupuliza, ambazo nyingi zina viini vya jamii ya pareto, ni sumu kali kwa samaki; tangi lifunikwe au liondolewe chumbani kabla ya kupuliza.

MTEGO WA MAJIVU

Hapa ndipo penye kosa linaloua samaki wengi wa watu waangalifu, nalo linastahili kuelezwa kwa utuvu.

Bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti, hutoa asidi. Kila miligramu 1 ya naitrojeni iliyogeuzwa hula kinga ya maji inayolingana na miligramu 7 hivi za kalsiamu kabonati. Katika maji magumu hasara hiyo haionekani. Katika maji ya mvua, kinga hiyo huisha baada ya siku chache. Hapo pH hushuka kutoka 7 hadi 6, kisha 5.5. Bakteria hawaipendi asidi; kazi yao hupungua na mwishowe husimama. Amonia huanza kujikusanya upya.

Ajabu ni kwamba samaki hawafi. Amonia majini ina maumbo mawili: amonia huru, ambayo ni sumu kali kwa sababu hupenya mashavuni kwa wepesi, na ioni ya amoniamu, ambayo haina ukali huo. Uwiano wa maumbo hayo hutegemea pH na joto. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7, amonia huru haifiki hata sehemu 1 kwa mia. Kwenye pH 8 huwa sehemu 5 kwa mia. Kwenye pH 9 huwa sehemu 36 kwa mia. Asidi, basi, huifunga sumu.

Chukuliwe mfano wa tangi la maji ya mvua lenye umri wa miezi sita, pH 5.5, na jumla ya amonia miligramu 8 kwa lita. Amonia huru ndani yake ni chini ya miligramu 0.002, samaki wamedhoofika lakini wanaishi. Sasa mwanafunzi mwenye bidii anapima kwa karatasi, anaona maji yana asidi, anakumbuka somo la kuzimua asidi kwa besi, na anatia majivu ya kuni au chokaa. Kwa saa moja pH inapanda hadi 8.5. Kwenye pH hiyo sehemu 15 kwa mia za amonia ni huru: miligramu 1.2 kwa lita. Wafugaji hutaka amonia huru isifikie hata miligramu 0.05. Kabla ya jua kutua, tangi zima limekufa.

Mwanafunzi huyo hakukosea katika kemia ya asidi na besi. Alikosea kwa kutibu kipimo kimoja bila kuuliza ni nini kilichokileta. Kubadilisha maji yote kwa mara moja, kutoka ya mvua hadi ya kisima chenye chokaa, huweza kufanya maafa yale yale. Njia salama ni kwenda taratibu: kuacha kulisha, kuondoa sehemu 1 katika 10 ya maji kila siku na kutia mengine yanayofanana nayo, mpaka amonia ipungue, ndipo kuongeza kinga kwa kiasi kidogo, kwa mfano vipande vichache vya maganda ya konokono au ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa, ambayo huyeyuka yenyewe polepole kadiri asidi inavyozidi.

KUSOMA DALILI

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu moja laweza kuwa la mvua nyingi. Samaki atwetaye juu ya maji huenda anaonyesha lo lote kati ya mambo manne. Mchunguzi ayatenge kwa kuuliza maswali kwa utaratibu.

Swali la kwanza: tatizo lilianza lini? Likianza dakika chache au saa chache baada ya maji mapya kutiwa, klorini, sumu ya ndoo, au mabadiliko ya ghafla ya pH na joto ndiyo yashukiwe kwanza. Samaki warudishwe katika maji ya zamani kama yamehifadhiwa. Kwa hiyo maji yatolewayo yasimwagwe upesi.

Swali la pili: ni saa ngapi za siku? Wakitweta alfajiri na kupata nafuu mchana, wamekosa oksijeni. Kama katika bwawa moja sato wanakufa na kambale wanabaki wazima, ushahidi huo huongezeka nguvu, kwani kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu moja kwa moja.

Swali la tatu: mashavu yana rangi gani? Wakitweta mchana kutwa, hata maji yakikorogwa, oksijeni ya majini siyo iliyopungua bali damu imeshindwa kuichukua. Naitraiti hugeuza himoglobini kuwa umbo lisiloweza kubeba oksijeni, na damu na mashavu huelekea rangi ya kahawia. Chumvi ya kawaida husaidia, kwa sababu kloridi hushindana na naitraiti katika kuingia mashavuni. Gramu 1 kwa lita 10 za maji yatosha kwa kiasi kidogo cha naitraiti. Mashavu yakiwa mekundu ya kuwashwa, na tangi ni jipya au limeoshwa karibuni, amonia ndiyo ishukiwe.

Swali la nne: maji yana rangi gani? Weupe kama wa maji ya mchele katika tangi jipya ni bakteria wa uozo walioshiba chakula kilichozidi. Hutoweka wenyewe chakula kikipunguzwa. Ukijani ni mwani, nao maana yake ni mwanga mwingi na mbolea nyingi. Udongo mwekundu hutua wenyewe au huchujwa kwa mchanga. Maji yasiyo na rangi hayathibitishi lo lote, kwa maana amonia, naitraiti na klorini hazionekani.

Swali la tano: vipimo vinasemaje? Kipimajoto na karatasi ya pH hupatikana katika maabara nyingi za shule. Kinga ya maji hupimwa kwa mbinu ile ile ya titresheni inayofundishwa darasani, kwa haidrokloriki asidi hafifu na kiashirio cha methili chungwa. Amonia na naitraiti huhitaji vipimo vyake vya rangi. Pua na litmasi hazitoshi, kwa kuwa kiasi kinachoua samaki ni kidogo mno kwa vyombo hivyo. Asiye na vipimo hivyo akumbuke kuwa matibabu matatu hayamdhuru samaki katika karibu kila hali: kuacha kulisha siku mbili, kutikisa uso wa maji, na kubadilisha sehemu ndogo ya maji kwa mengine ya asili ile ile.

KUTOKA TANGINI HADI ZIWANI

Hapana sheria moja iliyotajwa hapo juu ambayo hukoma kwenye kioo cha tangi. Ziwa Viktoria nalo ni chombo, na mto mkubwa kuliko yote unaoliingia ni Kagera, unaozizunguka Karagwe na Kyerwa kwa magharibi na kaskazini.

Mpaka miaka ya 1970 samaki wengi wa ziwa hilo walikuwa furu: samaki wadogo wa spishi zipatazo 500, kila moja na chakula chake, kina chake na rangi zake. Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kuwachunguza huko Mwanza. Kabla kazi haijaisha, samaki wenyewe walikuwa wakitoweka mbele ya macho yao. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyekuwa ametiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno akawala. Wakati huo huo mbolea za ardhini, udongo uliomomonyoka na taka za miji zilikuwa zikilishibisha ziwa. Mwani uliongezeka, ukafa, ukazama na kuoza. Oksijeni ya maji ya vilindini ikapungua hata sehemu kubwa ya ziwa ikawa haikaliki kwa majira fulani. Ni tangi lililolishwa kupita kiasi.

Ukungu wa maji ulileta hasara nyingine. Jike la furu humtambua dume wa spishi yake kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kuwa mahali ambapo maji yamefifiza mwanga, rangi hizo hufifia, majike hukosa kuchagua, na spishi zilizokuwa mbalimbali huchanganyika. Hivyo uchafu wa maji huweza kufuta spishi hata pasipo samaki mmoja kuuawa. Inakadiriwa kuwa spishi za furu 200 hivi zilipotea au zilikaribia kupotea.

Baadhi zilinusurika kwa njia ambayo Warington asingeidhania. Watafiti walikuwa wamechukua furu hai kwenda Ulaya, na tangu miaka ya 1990 bustani za wanyama na nyumba za maonyesho ya samaki za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiwazalisha katika matangi. Ikiwa spishi nzima imebaki katika sanduku la kioo, basi kosa la majivu, au la klorini, au la alfajiri moja isiyo na pampu, si hasara ya samaki watano tena. Ni mwisho wa kiumbe ambacho ziwa lilichukua maelfu ya miaka kukiumba.

Kuna wajibu pia upande wa huku. Samaki wa tangi, wawe wa wapi, wasifunguliwe mtoni wala ziwani. Sato wa Mto Naili alipoingizwa katika Ziwa Viktoria, ngege wa asili alisongwa hata akawa adimu ziwani humo, na sasa hupatikana hasa katika baadhi ya maziwa madogo ya jirani. Maziwa madogo ya Kagera ni amana ambayo ndoo moja ya samaki wageni yaweza kuiharibu. Na bonde lililohifadhiwa majani kando ya kijito hulinda maji ya ziwa kama chujio lilindavyo maji ya tangi.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Tangi la lita 60 lina maji ya mvua yenye kinga ya miligramu 10 kwa lita ikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Samaki hupewa gramu 1 ya chakula kila siku, ambayo huleta miligramu 30 za naitrojeni ya amonia. Ikiwa yote hugeuzwa kuwa naitreti, kinga hiyo itakwisha baada ya siku ngapi? Je, ingechukua siku ngapi katika maji ya kisima yenye kinga ya miligramu 120 kwa lita?

2. Pimeni joto la maji ya tangi au bwawa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni kwa siku saba, na kila mara hesabuni samaki walio juu ya maji kwa dakika tano. Chorea matokeo katika grafu moja. Saa gani ina hatari zaidi, na kwa nini?

3. Mfugaji wa bondeni anaeleza kwamba sato wake wote walikufa usiku mmoja baada ya siku tatu za mawingu, ilhali kambale walisalia. Maji yalikuwa ya kijani kibichi. Andika maswali matano ambayo ungemwuliza kabla ya kutoa shauri, na ueleze kila jibu lingekuelekeza wapi.